Kiuno Ndicho Kinachobeba: Nguvu ya Kiini cha Mwili kwa Mnyanyua Vyuma

Simama pembeni umtazame mtu anayesukuma chuma juu ya kichwa. Rudio la kwanza na la pili mwili umenyooka, chuma kinapita mbele ya uso na kutulia juu ya utosi. La tatu linapanda kwa shida kidogo. Ifikapo la nne, mbavu za mbele zinafunguka, kiuno kinabonyea ndani, kifua kinaanza kutazama dari, na mgongo mzima unapinda kama upinde uliovutwa. Chuma kinafika juu, lakini kimefika kwa njia ya mkato. Muulize mwenyewe kwa nini seti, yaani mfululizo huo wa marudio, imeishia hapo, atakujibu kwamba mabega yake ni dhaifu, na wiki ijayo ataongeza mazoezi ya mabega.

Njia hiyo ya mkato ina historia. Hadi Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mashindano ya kunyanyua vyuma yalikuwa na mitindo mitatu, na mmojawapo ulikuwa huo wa kusukuma chuma juu kwa mikono ukiwa umesimama. Miaka ilivyokwenda, wanyanyuaji walijifunza kujipinda nyuma mpaka wakawa kama watu waliolala kwenye benchi huku wamesimama. Waamuzi walishindwa kukubaliana ni mpindo wa kiasi gani uruhusiwe, watu wakahofia migongo ya wanamichezo, na baada ya Munich mtindo huo ukafutwa. Ikabaki miwili. Hao walikuwa mabingwa wa dunia, na miili yao nayo ilipozidiwa ilitafuta upenyo pale pale kiunoni.

Namwandikia mtu ambaye tayari ananyanyua vyuma mara mbili, tatu au nne kwa wiki, na ambaye amesikia ushauri unaopingana kuhusu tumbo na kiuno: fanya sitapu (kulala chali na kuinua kiwiliwili), usifanye sitapu, vuta tumbo ndani, sukuma tumbo nje, vaa mkanda, mkanda utakudhoofisha, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) zinatosha, skwati hazitoshi. Mkanganyiko huo nimeuishi. Kwa mwaka mzima nilimaliza kila siku ya mazoezi kwa sitapu 100, tumbo likiwaka moto, na bado mgongo wa chini ulikakamaa kama ubao kila nilipovuta chuma kutoka sakafuni. Misuli niliyokuwa naifanyisha kazi ilikuwa ndiyo. Kazi niliyoipa ndiyo haikuwa yake.

Pipa lililo ndani ya kiwiliwili

Kati ya mbavu na nyonga kuna kitu mfano wa pipa. Kifuniko chake cha juu ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na kuendesha pumzi. Kitako chake ni misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu na viungo vingine vya chini. Ukuta wa nyuma ni misuli mirefu inayopanda sambamba na uti wa mgongo, na chini yake mingine mifupi inayounganisha pingili na pingili. Mbele na ubavuni kuna matabaka: msuli ulionyooka kutoka mbavuni hadi kinenani, misuli miwili ya mshazari kila upande, nyuzi za mmoja zikikatiza nyuzi za mwenzake, na ndani kabisa msuli unaozunguka tumbo kama mkanda. Makalio na misuli mipana ya mgongo nayo hujishikiza humo, ndiyo maana makocha wengi huihesabu pamoja. Eneo hili lote nitaliita kiini.

Kuhusu vile visanduku vya tumboni ambavyo watu hupigia picha, nitasema machache. Hutokana na mikanda ya tishu inayoukatiza ule msuli wa mbele, na kila mtu huzaliwa na idadi na mpangilio wake. Vikionekana, maana yake mafuta yaliyo juu yake ni kidogo. Havikuambii kama mwenye navyo anaweza kushikilia mgongo wake chini ya mzigo. Na sitapu hazichagui kuchoma mafuta ya tumbo. Mwili hutoa mafuta unakotaka wenyewe.

Jambo zito liko kwenye uti wa mgongo. Una pingili 24 zinazojongea, na zile 5 za kiunoni ndizo kubwa kuliko zote kwa sababu zinabeba kila kilicho juu yake. Hata hivyo ukubwa wa mfupa hausaidii kitu peke yake. Watafiti waliubebesha mzigo uti wa kiunoni uliokwisha kuondolewa misuli yote, ukabaki mifupa, visahani laini vilivyo kati ya pingili, na kano zake tu. Uliporomoka kwa nguvu ya takriban niutoni 90, yaani uzito wa kilo 9 hivi. Chuma kitupu cha mashindano ya wanaume, kabla hakijavishwa chochote, kina kilo 20.

Fikiria mlingoti wa jahazi. Unasimama kwa sababu kamba zimeukaza kila upande kwa uwiano. Kaza kamba ya nyuma hata mara mbili ya kawaida, lakini uilegeze ya ubavuni, upepo mdogo wa pembeni utaulaza. Mgongo wa mnyanyuaji uko vivyo hivyo. Mtu anaweza kuwa na misuli ya mgongo minene kama magogo na bado akaumia siku alipogeuka kuchukua dambeli nyepesi ubavuni mwake, kwa sababu kamba hukatikia pabovu.

Kwa hiyo unapokuwa chini ya chuma, kazi ya kiini ni kukataa kusogea. Miguu inasukuma sakafu, mikono inashika au kusukuma chuma, na nguvu ya chini lazima ipite katikati kwenda juu. Katikati pakilegea, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kuupinda mgongo badala ya kukipandisha chuma. Misuli hii inafanya kazi yake kubwa kabisa wakati ambapo kwa macho hakuna kinachoonekana kutokea.

Pumzi

Tairi la baiskeli lisilo na upepo hukunjika ukiliegemea kwa kidole. Likijaa upepo linabeba mtu mzima na mzigo wake, ingawa mpira ni ule ule. Ndivyo pumzi inavyofanya kazi ndani ya pipa tulilolitaja. Ukivuta hewa kwa kina, kiwambo kinashuka. Sakafu ya nyonga inakizuia kwa chini. Ukuta wa tumbo ukikazwa wakati huo huo, shinikizo la ndani linapanda na kuupa uti wa mgongo nguzo ya pili mbele yake. Kubana pumzi hivyo kunaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyeishi kati ya 1666 na 1723, ambaye mbinu ya kusukuma hewa huku mdomo na pua vimefungwa aliieleza kuhusiana na masikio. Wanyanyuaji waliirithi kwa haja nyingine kabisa.

Hapa ndipo ule mkanganyiko wa kuvuta tumbo ndani au kulisukuma nje ulipozaliwa. Mwaka 1996, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson, wakiwa Australia, walionyesha jambo la kupendeza: mtu mzima wa afya akiinua mkono wake haraka, ule msuli wa ndani unaozunguka tumbo huamka kabla ya misuli ya bega inayouinua mkono. Mwili huandaa kiini kwanza, kisha ndipo mkono hutembea. Kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, msuli huo ulichelewa. Kutokana na utafiti huo ukaenea ushauri wa kuvuta kitovu kuelekea mgongoni ili kuuamsha msuli huo, na ushauri ukahama kutoka chumba cha tiba hadi kwenye kumbi za vyuma. Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa kuchukua zoezi la mgonjwa aliyelala kitandani na kumpa mtu mwenye kilo 100 mabegani. Ukivuta tumbo ndani chini ya mzigo, unazisogeza zile kamba za mlingoti karibu na mlingoti wenyewe, na kamba iliyo karibu haina nguvu ya kuzuia. Unachohitaji ni kukaza pande zote kwa pamoja, tumbo likiwa halijavutwa ndani wala halijatokezwa mbele kama la mtu aliyeshiba.

Jifunze hivi. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, nyayo sakafuni. Weka vidole gumba ubavuni, kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, na vidole vingine vielekee kitovuni. Kohoa kidogo. Utahisi kitu kikisukuma vidole vyote kwa mkupuo mmoja, cha mbele na cha ubavuni. Huko ndiko kujikaza. Kohoa tena, safari hii ukishikilie kile ulichokihisi, na ujaribu kupumua polepole bila kukiachia. Mara za kwanza kitakutoroka kila unapovuta hewa. Siku chache baadaye utaweza kuongea sentensi nzima huku vidole vyako bado vinasukumwa. Hapo inuka, fanya hivyo hivyo ukiwa umesimama, halafu ukiwa na chuma kitupu. Mbavu ziwe juu ya nyonga kama kifuniko juu ya chungu, zisifunguke kwa mbele.

Kwenye seti nzito, vuta hewa ukielekeza chini na ubavuni, kaza, shuka, panda, na uachie hewa ukishapita pale pagumu au ukifika juu. Kwenye seti nyepesi za marudio 12 au 15, huna haja ya kubana namna hiyo. Pumua kila rudio huku umejikaza kwa kiasi. Kujikaza ni kama kitasa cha redio, kinapanda na kushuka kulingana na mzigo. Wanaojikaza kwa nguvu zote hata wakiokota kiatu hujichosha bure.

Kuna gharama, na lazima isemwe. Mwaka 1985 vilichapishwa vipimo vya shinikizo la damu vilivyochukuliwa ndani ya mishipa ya wanyanyuaji wenyewe. Wakisukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili huku wamebana pumzi, wastani ulifika 320 kwa 250, wakati mtu aliyetulia huwa karibu na 120 kwa 80. Ni kwa sekunde chache tu, na mishipa yenye afya huvumilia. Lakini mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au tatizo la mishipa ya macho asibane pumzi kwenye mzigo mzito kabla ya kuongea na daktari wake. Atumie mizigo ya wastani na atoe hewa anapopandisha.

Mkanda wa kiunoni unaingia papa hapa. Shirikisho la kimataifa la powalifti, mchezo wa skwati, benchi na dedilifti (kuvuta chuma kutoka sakafuni), linaruhusu mkanda usiozidi upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13, na kinachofanya kazi ni ule ugumu wake. Mkanda ni ukuta ambao tumbo linausukuma, na kwa kuusukuma shinikizo la ndani linapanda zaidi. Anayeuvaa akadhani utambeba wenyewe, akalegeza tumbo ndani yake, amevaa pambo. Maoni yangu ni kwamba mtu ajifunze kujikaza bila mkanda kwa miezi kadhaa, kisha autumie kwenye seti chache nzito za skwati na dedilifti, basi. Ukijikuta unaufunga ili ufanye zoezi la mikono, uvue.

Je, skwati na dedilifti hazitoshi?

Swali hili linastahili jibu la uaminifu, kwa sababu pande zote mbili zina ukweli. Katika skwati na dedilifti, mzigo unataka kukukunja mbele. Anayezuia hilo ni misuli ya mgongo, nayo hufanya kazi kubwa sana, kubwa kuliko zoezi lolote la kulala kwenye mkeka litakavyoweza kuipa. Aliyevuta chuma kizito kutoka sakafuni kwa mwaka mzima hahitaji zoezi jingine kubwa la mgongo wa chini. Misuli ya mbele na ya mshazari nayo hukaza ili kujaza lile pipa, lakini haifikishwi karibu na uwezo wake.

Tena tazama jinsi mazoezi makubwa ya vyuma yalivyo. Miguu miwili imesimama sawa, mikono miwili imeshika sawa, uzito wa kushoto ni sawa na wa kulia. Hakuna kinachokuvuta upande mmoja wala kukusokota. Misuli inayozuia kuinama ubavuni na kuzungushwa inakaa miezi bila kuulizwa swali lolote gumu. Mtu huyo anabaki na kamba nene sana nyuma, za wastani mbele, na nyembamba ubavuni. Anayeanza kabisa anaweza kuridhika na skwati na dedilifti kwa miezi ya mwanzo, maana kila kitu kwake ni kigumu. Baada ya hapo, pengo linaanza kuonekana.

Na ukishaliona pengo hilo, uchaguzi wa mazoezi unakuwa rahisi. Unatafuta kitu kinachotaka kuuvunja mgongo kwa nyuma, kitu kinachotaka kukuinamisha ubavuni, na kitu kinachotaka kukusokota. Unakikatalia.

Kwa upande wa kuzuia mgongo usivunjike kwa nyuma, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni lile la kulala kama mende aliyegeuka chali. Linaonekana la watoto, na ndiyo maana wengi hulifanya vibaya. Lala chali, mikono imenyooka kuelekea dari, magoti yamekunjwa juu ya nyonga. Kuna uwazi mdogo kati ya kiuno na sakafu. Ujaze kwa kubonyeza mgongo wa chini mpaka usiweze kupitisha vidole. Sasa, polepole, peleka mkono wa kulia nyuma ya kichwa huku unanyoosha mguu wa kushoto mpaka ukaribie kugusa sakafu. Mahali fulani katika safari hiyo kiuno kitataka kuinuka kutoka sakafuni. Hapo ndipo zoezi lilipo. Toa hewa yote kama unayepuliza moto wa mkaa, mbavu zishuke, kiuno kibaki chini, kisha rudisha. Kiuno kikiinuka, umevuka mpaka wako. Fupisha safari ya mguu. Marudio 6 kila upande yaliyofanywa hivi humtoa jasho mtu anayeskwati mara mbili ya uzito wake, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Planki, yaani kujishikilia umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu huku uso ukitazama sakafu, ni ndugu yake. Wapo watu waliokaa kwenye planki kwa zaidi ya saa 9, na uvumilivu huo ni wa kustaajabisha, lakini wewe hutafuti uvumilivu wa saa. Kaza makalio, vuta viwiko kana kwamba unataka kuvikokota hadi kwenye vidole vya miguu, bana mbavu chini. Ukiifanya hivyo, sekunde 20 zinatosha kukutetemesha. Ikishakuwa nyepesi usiongeze dakika. Hamia kwenye gurudumu la tumbo, lile dogo lenye mpini kila upande unalolisukuma mbele sakafuni na kulirudisha, ukianzia magotini, na usiende mbali kuliko kiuno kinavyoweza kushikilia umbo lake.

Kwa ubavu, beba mzigo mkono mmoja utembee. Ni hilo tu. Chukua dambeli au ketobeli (tufe la chuma lenye mpini juu) nzito mkono wa kulia, wa kushoto uwe mtupu, na utembee mita 20 au 30 kana kwamba huna kitu. Mzigo unataka kuliangusha bega la kulia, na mwili unataka kukimbilia kushoto kusawazisha. Mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hufanya hivyo bila kufikiri, hutupa mkono mtupu nje na kujiinamisha. Wewe usifanye. Tembea hatua fupi, kichwa juu, mabega yakiwa usawa mmoja. Baada ya mita 10 utahisi kitu kikiwaka ubavu wa kushoto, ule usiobeba chochote. Badilisha mkono. Karibu kila mtu atagundua upande mmoja ni dhaifu. Aanze na huo, na upande wenye nguvu usizidishiwe. Asiye na nafasi ya kutembea afanye planki ya ubavu, akijishikilia ubavu juu ya kiwiko kimoja.

Kwa kusokotwa, simama ubavu kwa ubavu na mashine ya kebo au mpira wa mazoezi uliofungwa usawa wa kifua, shika mpini kwa mikono miwili kifuani, kisha isukume mikono mbele mpaka inyooke. Kadiri mikono inavyokwenda mbali ndivyo kebo inavyotaka kukugeuza. Kaa sekunde 3, rudisha. Zoezi hili linajulikana kwa jina la John Pallof, mtaalamu wa fiziotherapia wa Marekani aliyelieneza. Kuvuta dambeli kwa mkono mmoja bila kuegemea benchi nako kunafanya kazi hiyo, na kunakupa mgongo wa juu papo hapo.

Stuart McGill, profesa aliyetafiti uti wa mgongo kwa zaidi ya miaka 30 katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, anafahamika kwa mazoezi matatu anayowapa wenye maumivu: kuinua kichwa na mabega kidogo tu huku mikono iko chini ya kiuno, planki ya ubavu, na kunyoosha mkono na mguu wa pande zinazopingana ukiwa umepiga magoti na kuegemea mikono. Hushikiliwa kwa sekunde 10 hivi, kisha hurudiwa, badala ya kushikiliwa muda mrefu mara moja. Kwa mnyanyuaji mwenye afya hayatoshi kujenga nguvu, lakini ni maandalizi mazuri kabla ya kugusa chuma.

Na sitapu? Maabara zilizokunja na kunyoosha uti wa nguruwe makumi ya maelfu ya mara chini ya mzigo ziliona visahani vikipasuka na kutoa ute wake wa katikati. Wengine wakahitimisha kwamba kila sitapu ni hatua kuelekea kitanda cha upasuaji. Lakini uti uliokufa haujitengenezi usiku, wa mtu aliye hai hujitengeneza. Sizioni kuwa sumu. Ninachosema ni kwamba mtu anayeubebesha mgongo wake vyuma mara tatu kwa wiki ameshatumia sehemu kubwa ya uvumilivu wa visahani vyake, na kilichobaki kina matumizi bora zaidi. Anayependa kuukunja mwili na aning'inie kwenye chuma ainue miguu polepole, seti 2 au 3, bila kubembea.

Kuyaingiza kwenye wiki yako

Kanuni ambayo sitaibadilisha ni hii: kiini kisichoshwe kabla ya mzigo mzito. Kufanya seti 4 ngumu za gurudumu la tumbo halafu kwenda kuskwati ni kulegeza kamba kisha kutweka tanga. Mazoezi mepesi ya kuamsha misuli mwanzoni ni sawa, kama dakika 3 za mende chali. Kazi ngumu iwe mwisho.

Dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa wiki, zinatosha. Chagua mazoezi 2 kwa siku, seti 2 au 3 kila moja. Siku ya dedilifti mgongo wa nyuma umeshachoka, kwa hiyo fanya kazi ya mbele: mende chali au gurudumu. Siku ya kusukuma kifua na mabega, mgongo bado una nguvu, ndiyo siku nzuri ya kubeba mzigo mkono mmoja. Siku ya skwati, weka kebo ya kuzuia kusokotwa na planki ya ubavu. Kitu cha kuangalia ni vidole: kubeba mizigo huchosha mshiko, kwa hiyo usikuweke siku moja kabla ya dedilifti nzito, la sivyo kesho chuma kitakuponyoka ukadhani umeishiwa nguvu za mgongo.

Endeleza kiini kama unavyoendeleza skwati. Watu huandika kilo zao za benchi kwa miaka, halafu kwenye kiini wanafanya planki ile ile ya dakika moja tangu waanze. Mzigo wa kubeba ukiweza kutembea nao mita 30 bila bega kushuka, ongeza. Mende chali ikiwa rahisi, shika dambeli ndogo mkononi. Wiki unayopanga kujaribu uzito wako wa juu kabisa, punguza kazi hii nusu.

Wanaofanya mazoezi alfajiri wana jambo lao. Usiku visahani vya mgongo hunyonya maji na kuvimba, kiasi kwamba mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita 1 au 2 kuliko alivyolala, na karibu nusu ya urefu huo hupotea katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Kisahani kilichojaa maji hakipendi kukunjwa. Ukitoka kitandani tembea kwanza, na mazoezi ya kuinama yaache yawe ya mwisho.

Matokeo hutayaona kwenye kioo. Rekodi video ya pembeni ya seti yako ya mwisho leo, halafu nyingine baada ya wiki 6 au 8 kwa uzito ule ule. Simamisha picha kwenye rudio la mwisho na ulinganishe mbavu na nyonga vilivyokaa.

Pale ambapo mazoezi si jibu

Uchovu wa misuli ya kiuno siku moja au mbili baada ya kazi mpya ni wa kawaida. Maumivu yanayochoma kutoka kiunoni yakashuka mguuni kupita goti, au ganzi kwenye unyayo, ni ya kupelekwa kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na planki zisubiri. Uvimbe unaojitokeza kinenani au kitovuni unapojikaza huenda ni ngiri. Uonyeshe kabla ya kurudi kwenye vyuma.

Wapo wanaovujwa na mkojo wanapoinua mzigo mzito, hasa wanawake waliojifungua, na wengi wao hulibeba jambo hili kimya kwa aibu. Ni kitako cha lile pipa kinachoomba msaada. Wataalamu wa fiziotherapia ya sakafu ya nyonga wapo, mazoezi yao husaidia wengi, na mara nyingi mtu haachi vyuma: hupunguziwa mzigo kwa muda, na hufundishwa kutoa hewa anapopandisha badala ya kuibana. Aliyejifungua na akaona misuli ya mbele ya tumbo imeachana katikati apitie kwao pia kabla ya gurudumu na planki nzito.

Lakini anayepata ganzi sehemu za siri na eneo la kukalia, au akashindwa ghafla kukojoa au kuzuia haja, pamoja na maumivu ya mgongo, huyo huenda mishipa ya fahamu ya chini ya uti inabanwa. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.